Homa Niliyoificha Wodini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipolala kwenye kitanda kama hiki chako, mwili unawaka kama jiko, nikamwambia nesi niko sawa. Niko sawa kabisa, sista, hata leo mkinifungulia mlango naenda nyumbani kwa miguu.

Ngoja kwanza nisogeze hiki kiti, kinanichoma mgongo. Mimi na hospitali hatujawahi kupatana. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama miguu inatafuta mlango. Lakini leo nitakaa, Mwikali, maana tangu niingie umeshaniambia "niko sawa, Mama" mara nyingi kuliko nilivyokuuliza. Umejifungua kwa kisu, damu ikakataa kukatika, wakakurudisha chumba cha upasuaji mara ya pili, na bado uko sawa? Na huyo mume wako Mumo yuko hapo nje, simu sikioni, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipopita langoni sikuiona pikipiki yake. Nimemzaa mimi huyo, najua akificha kitu anatembea namna gani. Wewe sikukuzaa, lakini sasa nimeanza kukujua.

Haya, sikiliza. Mtoto amelala, na mimi nikinyamaza nitaanza kupanga vitu vyako kwenye hiyo kabati.

Wakati huo Mumo alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Baba yake, Kyalo, alikuwa anashona suruali za kupelekwa ng'ambo kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River. Mimi nilikuwa nauza vitunguu na maembe pale Kyumbi. Gari likipunguza mwendo kukata kona ya Machakos, sisi akina mama tunalikimbilia na ndoo, anayefika dirishani wa kwanza ndiye anauza. Na nilikuwa na mbio, usinione hivi! Tulikuwa na nguvu, na kiburi pia, Mungu atusamehe. Kukiwa na harambee ya mgonjwa kanisani tunatoa chetu, kisha njiani tunanong'onezana, "Sisi hatutawahi kuchangiwa hivi mbele ya watu." Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Na ukiwepo unaziba macho.

Tumbo lilinishika nikiwa barabarani. Nikasema ni embe bovu, nikanywa chai ya tangawizi, nikaendelea kukimbilia magari. Kumbe ni kidole tumbo. Kikapasuka kabla sijafikishwa kwa daktari. Wakanifungua, wakasafisha, wakashona, wakasema nitakaa siku chache nitoke. Siku chache hizo tulikuwa tunaziweza, kwa akiba yangu ya vitunguu na mshahara wa Kyalo. Lakini mshono ukakataa kukauka. Ukaanza kutoa maji, kwanza meupe, baadaye ya rangi ambayo sitakuambia maana najua hujala.

Ujinga wangu ulianzia hapo. Kwenye kitanda cha kando yangu kulikuwa na mama aliyekuwa amepona kitambo. Amepona, anatembea, anacheka, lakini haendi nyumbani kwa sababu bili haijalipwa. Kila asubuhi anakunja nguo zake anazitia kwenye mfuko, na kila jioni anazitoa tena. Nilimtazama yule mama mpaka nikashindwa kulala. Kila sindano waliyonidunga niliisikia mara mbili, mwilini na mfukoni. Nikajiambia, wewe, toka hapa kabla hujamfilisi mume wa watu.

Basi nikawa mjanja. Nesi alikuwa anakupa kile kijiti cha kioo cha kupima homa ukiweke kwapani, halafu anaenda kwa mgonjwa mwingine. Akinipa mgongo tu, mimi nakitoa, nakilaza juu ya chuma cha kitanda kipate baridi. Nikisikia viatu vyake vinarudi, nakirudisha kwapani haraka, natabasamu. "Unaendelea vizuri, mama." Ndiyo, sista, ni Mungu. Na juu ya bandeji nilikunja leso yangu inywe yale maji, kisha najikokota bafuni kuifua mwenyewe, mkono mmoja umeshika ukuta. Mwili mzima unatetemeka, na mimi najipongeza! Nikifika nyumbani, nilijiambia, nitapaka asali, nitapona bure.

Nilikuwa naogopa, mwanangu. Niliogopa kufa, lakini niliogopa zaidi siku Mumo atakaporudishwa nyumbani kwa karo, aambiwe ni kwa sababu mama yake aliugua.

Kyalo naye alikuwa anakuja kila jioni kutoka kazini, vipande vya uzi bado vimeshika nywele zake, chupa ya uji mkononi. Hatulii. Anafungua dirisha, anafunga dirisha. Namuuliza, "Baba Mumo, bili tutafanyaje?" Ananiambia, "Wewe pona tu, kampuni imenikopesha." Na mimi namwambia, "Nami daktari amesema ninapona." Yeye anatazama nje, mimi natazama uji. Wote wawili waongo, na hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake huruma.

Kumbe kampuni haikuwa imemkopesha hata sindano. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mwaitu kama Wakamba wanavyoita mama, alikuwa anaishi peke yake Matuu, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa ameambiwa nina homa kidogo tu. Asubuhi moja alikuwa anapalilia mbaazi zake, akaona wanaume wawili wamevuta utepe wa kupimia kutoka kwenye ua mpaka kwenye choo. Akawauliza wanapima nini. "Shosho," wakamwambia, "si mtoto wako anauza? Alikuja kwa dalali mwenyewe, akasema ni haraka, mke yuko hospitali." Mwaitu akaangusha jembe palepale. Hakunawa hata miguu. Akaja mpaka Machakos, hospitali niliyolazwa.

Siku hiyo Kyalo alikuwa na mapumziko, ameketi hapo ulipoweka miguu. Mlango ukafunguka, mama yake akaingia na udongo mpaka magotini, na nesi nyuma yake anamwambia saa ya kuona wagonjwa haijafika. Kyalo akasimama, akaketi, akasimama tena. Mimi sikujua habari za shamba, nikashangaa mtu mzima anaogopaje mama yake hivyo.

"Mwaitu, karibu," akasema.

Mama yake alimpita akaja kwangu, akanishika mkono kunisalimia, na hakuuachilia. Akaugeuza, akaushika tena. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama mpini. Akakiweka kwenye paji la uso wangu, kisha shingoni, kisha akainua blanketi akaiona ile leso. Huyo mama hakuwahi kusoma, wala hakuhitaji kijiti cha kioo.

"Uui! Nesi! Nyinyi watu, mko wapi? Huyu mtoto anawaka moto na nyinyi mnatembea tu!"

Wodi nzima ikageuka. Nikamshika nguo nikamwambia polepole, "Mama, nyamaza tafadhali. Wakijua hawataniachilia. Pesa hatuna." Alinitazama, na nilidhani atanizaba kofi. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Wewe unauza shamba na mimi niko ndani yake na jembe. Na huyu anauza uhai wake huku. Nani aliwatuma?"

"Mwaitu, nilitaka kukuambia pesa zikishapatikana. Sikutaka usumbuke."

"Nisisumbuke! Kyalo, mbaazi nikizikosa, mvua ikinyesha nitapanda tena. Huyu nikimpanda ataota?"

Mpaka leo, mwanangu, swali hilo nalisikia masikioni. Mwanzoni nilimkasirikia Kyalo kwa ajili ya shamba, machozi yakanitoka kwa hasira, kisha nikaikumbuka leso yangu, hasira ikaisha.

Walinifungua tena siku hiyohiyo. Daktari alisema sumu ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu, na kwamba kama ningeenda nyumbani kupaka asali, harambee ingekuwa ya jeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuficha ufa, basi tukajenga ukuta, na bili niliyotaka kuipunguza ikawa mlima.

Lakini hapo ndipo tulipoanza kupumua, ajabu. Mwaitu alimchukua Kyalo wakaenda wote wawili ofisi ya malipo, wakasema ukweli: hiki tunacho, hiki hatuna. Wakakubaliwa kulipa pole pole. Shamba halikuuzwa. Upande mmoja ulikodishwa kwa mfanyabiashara wa mahindi, na Mwaitu akabaki na mbaazi zake karibu na nyumba. Jumapili akasimama kanisani Matuu, yeye ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani alikuwa anaona haya, akasema, "Mtoto wangu ni mgonjwa, mwanangu ameshindwa, na mimi nimeshindwa." Watu wakaja. Akaja hata mama mmoja wa pale Kyumbi, ambaye mumewe alichangiwa, nasi tukamcheka njiani tukirudi. Alifungua fundo la leso yake akanipa alichokuwa nacho, akanirekebishia mto. Nilitaka ardhi inimeze.

Sikudanganyi, tulilipa miaka. Kyalo hakuninunulia gauni siku nyingi sana, na kila Krismasi nilimkumbusha, kwa nini ninyamaze? Kovu liko hapa. Mvua ikikaribia linawasha, ndilo linaloniambia nianue nguo.

Mwaitu amelala sasa, Mungu amrehemu. Kwa hiyo wa kuwaambia haya sasa ni mimi, na nitawaambia nyote wawili. Huyo Mumo namwita sasa hivi aache simu, aje aketi hapa atuambie pikipiki iko wapi. Hatagombezwa. Haya, atagombezwa kidogo.

Mwanangu, deni la hospitali linatisha, lakini ni deni. Linasemeka, linaombewa muda, watu wanalibeba pamoja, linalipwa kidogo kidogo mpaka siku moja unashangaa limeisha. Kaburi halipokei kidogo kidogo. Unaposikia maumivu mwambie daktari, hata kama kila neno unaliona lina bei. Na mume wako usimwambie uko sawa ili alale, maana halali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hakimuumbui peke yake, kinawaumbua na waliompenda wakamwamini. Huruma ya kudanganyana ndiyo ilitaka kuniua mimi. Kisu cha daktari kilikuja nyuma yake kuniokoa. Aibu ya kuchangiwa inaisha jioni hiyohiyo watu wakishakunywa chai. Nimeionja, naijua ladha yake, hailingani hata na uchungu wa ule uji tuliokuwa tunautazama.

Ngai, Mungu wetu, aliyemtoa Mwaitu kwenye mbaazi zake akakuinue na wewe kitandani hapa. Maziwa yako yasikauke, mtoto wako anyonye mpaka akusukume. Nyumba yenu isikose chakula, na ikikosa, isikose mtu wa kusema kimekosekana.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani, nikubariki vizuri. Usirudi nyuma, inama. Na mkono huu ukikuta moto hapo, Mwikali, nitapiga kelele mpaka wanisikie Kyumbi.