Marashi ya Jabal na Jina la Marehemu

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu nyumbani kwa mama mkwe wangu, mjini Nizwa. Shemeji yangu Nasor akaingia mbio na chupa ya marashi ya mawaridi, maji meupe pe. Kwenye kibandiko kaandika jina la marehemu baba yake, ambaye alirudi kutoka Unguja akalifufua tanuri la marashi la wazee wake kule milimani Jabal Akhdar. Nasor alitaka radhi ya mama yake tu, ayapeleke madukani.

Mkwe wangu akatia tone ndani ya kahawa, kama tufanyavyo huku, akanywa taratibu. Mie roho juu!

"Mashallah, mazuri," akasema, na Nasor meno yote nje. Kisha akafungua kabati, akatoa chupa ya mwisho ya marehemu, marashi ya rangi ya chai, akatutilia na sisi.

Lo! Moshi ulitangulia, waridi likafuata, likakaa kooni halitaki kuondoka. Nilidhani yameungua, na papo hapo nikaomba mengine!

"Huo ni moshi wa tanuri la udongo," akasema mkwe wangu. "Baba yako alishinda hapo akibadilisha maji baridi juu ya chungu, ili mvuke wa mawaridi upoe uwe marashi, macho mekundu. Haya yako yametoka wapi?"

"Kiwandani, Mama. Ya mashine."

"Wallahi si aibu. Ila andika jina lako."

"Nani atanunua jina langu, Mama? Hakuna anijuaye."

"Na yeye walikuwa hawamjui."

Nasor akaanza kukibandua kibandiko kwa kucha. Nilimwonea huruma, lakini nilifurahi, sikufichi. Leo marashi yake yanauzwa toka mji wa Ibra mpaka Sur, meupe vile vile, na jina ni lake. Nikiyaona dukani nataka kupiga vigelegele!

Basi wewe unayeonja kila kitu na kukisifu kwenye simu, onja kwanza, hadithi ya kwenye chupa uisome baadaye, kisha uulize ni mkono wa nani. Na ukirithi jina kubwa, usilivae juu ya kazi ambayo mwenye jina hakuifanya. Fanya yako, uitie jina lako, hata kama leo halijulikani.

Mungu akubariki mikono, mwanangu, akupe jina ambalo wajukuu zako wataona haya kulichezea. Amin.