Tulivyobishania Neno Kutambuliwa

Nilikulia katika kambi ya polisi hapa Kampala, baba yangu akiwa askari kutoka kaskazini. Kiswahili nilikijua kwanza kama lugha ya amri: simama, geuka, toa kitambulisho. Nyumbani tulisema Kiacholi, sokoni Kiganda, shuleni Kiingereza. Hata nilipoingia chuoni kusoma falsafa ya siasa, sikudhani kwamba ningekuja kubishana kwa Kiswahili kuhusu maana ya dola.

Aliyenifikisha huko ni dada mmoja Mkongomani. Kabla ya vita kumtoa Bukavu alikuwa mwalimu wa falsafa katika shule ya sekondari; hapa Kampala aliuza vitenge katika maduka ya Kikuubo. Tulikaa viti jirani kwenye mhadhara wa wazi chuoni, akaniuliza msemaji anamaanisha nini, nami nikagundua kwamba anawajua wanafalsafa wale kuliko nilivyodhani, ila amewasoma kwa Kifaransa. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Kifaransa changu hakikuwepo. Tukabaki na Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha kambini.

Tukawa tunakutana Jumamosi alasiri mtaa wa Kansanga, katika mgahawa wa rafiki yake. Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu mjadala ambao umewashughulisha sana wanafalsafa wa Ulaya miaka hii. Wengine wanasema mtu hukamilika pale wenzake na dola wanapomkubali kuwa mtu sawa nao, na kwamba kumnyima hilo, ambalo kwa Kiingereza huitwa recognition, ni kumjeruhi. Wengine wanajibu kwamba ukiomba kukubaliwa, umeshamwachia mwenye nguvu uamuzi wote. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na nilikuwa na uhakika.

"Hilo neno lao unalisemaje kwa Kiswahili?" akaniuliza.

"Kutambuliwa."

Akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, miye nilitambuliwa. Walinipiga picha, wakachukua alama za vidole, wakanipa karatasi inayosema nimetambuliwa kuwa mkimbizi. Hakuna aliyeniuliza ninafikiri nini."

"Huko ni kuandikishwa, dada. Si jambo lenyewe."

"Basi kwa nini neno ni moja?"

Nilijua, ingawa sikumwambia siku ile, kwamba kambini kwetu kutambuliwa kulikuwa kwa mtuhumiwa aliyesimamishwa kwenye mstari mbele ya shahidi. Nilirudi nyumbani nikaivunja sura yangu ya kwanza na kuianza upya. Haikuniuma. Nilijua itakuwa bora.

Jumamosi iliyofuata alikuja na neno lake: kujibiwa. Mtu anakuwa raia, alisema, pale maneno yake yanapomlazimu mwingine ajibu.

"Hata mfungwa hujibiwa," nikamwambia. "Kila siku anajibiwa hapana."

"Hiyo hapana inamfunga mdomo, haimjibu," akasema. "Kukujibu ni mimi kubadilika kidogo kwa sababu umesema."

Tulibishana hivyo miezi kadhaa, hadi nikamwambia tuandike makala pamoja, kwa Kiswahili, tuiwasilishe kwenye semina ya idara. Profesa wangu aliposikia alitikisa kichwa.

"Nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, "hapa Kiswahili ni lugha ya jeshi. Falsafa haina maneno kwa Kiswahili."

"Maneno tunayo, Profesa. Tumeyagombania miezi yote hii. Utusikilize kwanza, halafu utukatalie."

Akakubali. Alikuwa mtu wa haki, na alipenda mabishano kuliko chakula.

Siku yenyewe walikuja wanafunzi, Wakongomani kadhaa wa kanisa la mwenzangu, na baba yangu, ambaye amestaafu sasa, akakaa nyuma akiwa amevaa koti. Tulisoma kwa zamu. Tulipomaliza, profesa akainuka na kuuliza swali kwa Kiingereza. Mwenzangu akaomba litafsiriwe. Profesa akaanza kulitafsiri mwenyewe, akakasirishwa na tafsiri yake, akaendelea tu kwa Kiswahili, akivunja sarufi kama tunavyoivunja wengi hapa: "Kama mimi nakataa kujibu wewe, wewe iko mutu bado, ama hapana?"

Ukumbi ukacheka, naye akacheka kidogo, lakini swali lilikuwa zito.

"Nikiendelea kukuuliza, ndiyo," akasema mwenzangu.

"Hapana," nikasema mimi, na watu wakageuka kunitazama, maana makala ilikuwa yetu wote. "Akichoka kuuliza je? Akiwa mgonjwa? Utu wake usitegemee nguvu za koo lake. Ndiyo maana bado nataka sheria imtambue, hata kama neno lenyewe limechafuka."

"Limechafuka na wewe unataka kulivaa," akanijibu.

"Nitalifua kwanza."

Tukaendelea hivyo mbele za watu, na sijawahi kujisikia vizuri namna ile chuoni. Nilikuwa nafikiri kwa lugha niliyokulia nikiiogopa, na ilinitii.

Tulipotoka, baba alinisubiri kwenye ngazi. Akanisemesha kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nje ya kazi.

"Yule mama alikushinda pale kwenye swali la profesa."

"Hakunishinda, baba."

"Mimi niliona amekushinda."

"Basi njoo Jumamosi Kansanga nikueleze kwa nini hakunishinda."

Alikuja, na alibaki na msimamo wake. Tasnifu yangu ilipita, ikiwa na maneno yetu ya Kiswahili ndani ya Kiingereza chake. Mwenzangu bado anauza vitenge, na idara humwalika kufundisha somo moja. Makala tuliichapisha ikiwa na mahitimisho mawili, lake na langu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekubali kulifuta lake.