Mafuta Yangu ya Nazi na Bunduki ya Mzee Haroub

Kila asubuhi, nikishamwamkia shikamoo, Mzee Haroub alikuwa akiinusa chai yangu kabla ya kuionja, macho kayafumba. "Leo tangawizi umeitupia kwa mbali, mwanangu," husema, kisha akamaliza vikombe viwili.

Alikuwa Mpemba, mlinzi wa ghala la katani hapa Tongoni, miaka kumi na mmoja getini na shotgani ya mtutu mmoja. Mimi nilikuwa nikiuza chai na mafuta ya nazi kando ya geti. Shule niliiacha darasa la tano, lakini ushauri natoa wa chuo kikuu.

Mwezi wa saba kampuni yake ya ulinzi ikamletea bunduki mpya, ya kujipakia risasi yenyewe. Msimamizi wao, Bryson, akamwambia, "Mzee, Jumamosi saa moja asubuhi nakuja. Utapiga risasi tano mfululizo. Ukishindwa, nafasi yako anapewa mwingine."

Bunduki ilikuja kavu, ukiikoki kupandisha risasi inakwaruza. Nikasema, na wala sijaulizwa, "Babu, ipake mafuta yangu. Cherehani ya bibi inakwenda kwa hayohayo."

Akapaka mpaka ndani ya magazini, kile kikasha cha risasi. Mchana ule akaikoki mara tano, risasi zikapanda na kutoka mojamoja, laini. Nikajiona fundi.

Kesho yake asubuhi ikagoma. Risasi ilipanda nusu, ikabanwa. Akapunguza risasi kwenye magazini, wapi! Akaisukuma magazini mpaka ikalia ta! Ikagoma. Akajaribu risasi nyingine. Nikamshauri aongeze mafuta, akaongeza. Mchana ikakubali, asubuhi ikakataa tena.

"Hii ina shetani wa asubuhi," akasema.

"Isomee, babu."

Akaisomea.

Sasa mjue jambo moja. Asubuhi za mwezi wa saba mafuta ya nazi huganda. Mimi mwenyewe kila siku naanika chupa zangu juani yayeyuke, ndipo nipate cha kuuza. Siku nne nimekaa hatua tatu kutoka kwenye ile bunduki, chupa zangu nyeupe pe zinaota jua mbele yangu, nami nawaza shetani.

Jumamosi Mzee akapiga ya kwanza, ikalia. Ya pili ikakwama. Akakoki tena, ikakwama. Bryson akaichukua, akaifungua juu ya meza yangu. Springi ya magazini imezama kwenye mafuta meupe, na vumbi la katani limenasa humo kama nywele kwenye sabuni.

"Mzee, hii bunduki au andazi?" Walinzi wawili wenziwe Mzee, waliokuja kutazama, wakacheka. "Nani kakufundisha kupaka mafuta ya kupikia?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nikalishika vizuri zaidi.

"Nimepaka mwenyewe," akasema Mzee Haroub. Hata hakunitazama.

"Basi bunduki naondoka nayo. Ukitaka, baki uwe unayafungulia magari geti."

Mzee akavua kofia ya kampuni, akaiweka kando ya ile springi, akafuta vidole kimoja kimoja. "Riziki mwenyewe Mungu. Kwaherini." Akatoka.

"Ni mimi niliyemwambia," nikasema. Lakini nilisema ameshaupita ukuta wa ghala, na aliyenisikia ni Bryson, akaniuliza kama chai bado ipo. Nikammiminia. Mzee alishika barabara ya Pangani, na hakurudi.