Buibui Ndani ya Hita

Juzi nilikuwa kwenye karakana moja ya Firq, pembeni ya mji wa Nizwa, bibi mmoja wa Kizanzibari alipoleta hita yake ya gesi. Mumewe mgonjwa, baridi ya Nizwa imeshaingia, na maji ya kumkogesha hayapati moto.

Fundi, mwenye cheti ukutani, akabonyeza kitufe. Cheche zikatoka, moto haukushika.

"Khalas, bibi. Imekufa. Nunua mpya."

"Umemtazama buibui, mwanangu?"

Fundi akamtazama yeye, kuanzia utosini hadi miguuni. "Wallahi, buibui lako zuri."

"La kuvaa nani kakuuliza? Mdudu! Kiangazi chote hita haikuwashwa, keshajenga nyumba humo."

Akachomoa pini kwenye mtandio wake, akampa. Fundi akafungua mrija wa gesi, akachokora, ukatoka utando mweupe kama pamba. Akarudishia, akabonyeza tena. Vuu! Moto wa buluu.

"Nani kakufundisha, bibi?"

"Stovu ya mafuta ya taa, Unguja. Tundu likiziba, watoto hawali."

Akaomba arejeshewe pini yake. Fundi aliitoa kwa mikono miwili. Nami, pamoja na shahada yangu, nakiri: nililitazama buibui lake pia.