Muhtasari Ambao Mzee Uwesu Hakusomewa

Saa mbili asubuhi, chai ya Loisi Chilongani imeshapoa na mwenyewe hajakaa. Anazunguka ofisi ya meza mbili, Area D jijini Dodoma, simu mkononi.

"Shikamoo, Mzee," anasema inapopokelewa, kisha anarudia: "Shikamoo, Mzee Uwesu."

Kule Kolo, wilayani Kondoa, mzee anakohoa tu. Marahaba haiji. Kwa mtu aliyelelewa huku, hiyo ni adhabu tosha.

Loisi, 34, ni msaidizi wa mhariri katika jarida dogo la kitaaluma. Kwa mshahara wa shilingi 480,000 anakagua rejea na kuandika muhtasari wa Kiswahili wa kila makala, maana makala zenyewe ni za Kiingereza na waliohojiwa vijijini hupenda kujua wamesemwaje.

Ana desturi moja ambayo hakuna aliyemwagiza. Kabla muhtasari haujachapishwa, humpigia simu aliyehojiwa na kumsomea. Mzee Uwesu alishasomewa mara mbili. Wenzake humtania Loisi kwamba anaendesha redio ya kijiji.

Machi mwaka huu redio ilinyamaza. Mihtasari kumi na mmoja ilitakiwa siku moja, akaipa akili mnemba kazi ya kufupisha.

"Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu," anasema, bila kucheka. "Nikaona kupiga simu ni kupoteza muda."

Makala mojawapo ilihusu tambiko la mvua kwenye miamba yenye michoro ya kale karibu na Kolo. Mtafiti aliandika kwamba, kwa maelezo ya Mzee Uwesu, tambiko bado linafanyika. Mashine ikaandika kwamba lilikoma zamani. Kiswahili kitamu, uongo mtupu.

Mjukuu wa mzee, mwanachuo, akausoma muhtasari huo kwa sauti kijijini akiwa likizo. Sasa, anayeongoza tambiko hilo ni Mzee Uwesu mwenyewe. Watu wakamuuliza: kama uliwaambia wasomi limekoma, mbuzi tuliyemtoa mwaka jana ulimpeleka wapi?

Mhariri, Dk. Octavian, alishauri sentensi ibadilishwe kimyakimya kwenye tovuti, yaishe. Si mtu mbaya, ana jarida la kulinda. Lakini mkataba wa Loisi unaisha tarehe 30 mwezi huu, na wa kusaini mpya ni huyo huyo.

Loisi alikataa. Aliandika tangazo la masahihisho: akili mnemba ilitumika, ikakosea. Mwandishi wa simulizi hii aliona huo ni ujasiri. Mzee Uwesu, anaposomewa tangazo hilo asubuhi hii, hauoni.

"Mashine siijui," sauti yake inasikika kwenye spika. "Haikuja hapa, haikula kwangu. Wewe ndiye hunisomea. Safari hii nani hakunisomea?"

Loisi anakaa, mara ya kwanza tangu afungue ofisi.

"Ni mimi, Mzee."

"Basi andika hivyo."

Simu inakatika. Anasimama tena, anaandika akiwa ameinama: Loisi Chilongani hakuuhakiki muhtasari wala hakumsomea mhusika. Analituma tangazo lenye sentensi hiyo kwa mhariri kabla hajabadili mawazo. Kisha anajuta, kisha anajilaumu kwa kujuta.

Jibu linakuja kwa mstari mmoja. Tangazo litatoka Ijumaa; kuhusu mkataba, watazungumza. Neno hilo "watazungumza" linamrudisha kwenye kuzunguka ofisi.

Mashine hajaiacha. "Ifupishe, sawa," anasema. "Ila isemwe kwamba imefupisha, na awepo mtu aliyesoma, kwa jina lake." Anataka hiyo iwe kanuni ya jarida, awepo yeye au asiwepo.

Jumamosi amepanga kupanda basi la Kondoa, alisome tangazo mbele ya wale wale waliousikia uongo. Nauli ameshaitenga. Kitu asichokuwa nacho ni uhakika wa kupokelewa.

"Nitaanza na shikamoo," anasema, na hatimaye anainywa chai yake baridi. "Akiitikia, nitasoma. Asipoitikia, nitasoma vilevile."