Mkanda wa Gari la Mkunga

Nimeolewa na fundi kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hajawahi kunionea wivu hata siku moja. Nikichelewa kurudi haulizi. Jirani akinisifia nguo, yeye anaendelea kula. Wivu wake wote aliuweka kwenye injini ya petroli, silinda nne, lita moja na nusu, tena ya mwanamke mwingine.

Msinifikirie vibaya. Mwanamke mwenyewe ni mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu, aliyewapokea wanangu wote watatu kwa mikono yake. Gari lake alilihudumia mume wangu tangu likiwa na kilomita elfu arobaini. Mume wangu watu wanamwita Sikio, kwa sababu hugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, akabana mpini sikioni na kufumba macho. Silinda ya tatu ikikohoa kidogo tu, ameshaisikia.

Mafundi wengine huning'iniza kadi chini ya boneti kuonyesha oili ilibadilishwa lini. Sikio hataki hata kuiona. "Nikianika kila kitu, kesho yeyote mwenye spana ataigusa," alisema. Habari zote za ile injini zilikaa kabatini kwetu, kwenye daftari lenye jalada gumu jekundu, na karani wake ni mimi, maana mwandiko wa mume wangu humshinda hata yeye mwenyewe kuusoma. Jioni akinawa mikono ananiambia: andika, oili lita tatu na nusu, na chujio jipya. Andika, plagi nne, mwanya milimita moja nukta moja. Andika, valvu zimepimwa injini ikiwa baridi. Ukurasa mmoja niliuandika kwa wino mwekundu, kwa amri yake: "Mkanda wa taimingi umefungwa kilomita 92,000. Ubadilishwe 182,000, bila kukosa."

Nilimuuliza kwa nini wino mwekundu. Akanieleza kwamba mkanda ule ndio unaopanga valvu na pistoni zipishane humo ndani. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na mwenye gari anatembea kwa miguu.

Basi mwaka juzi ikawaka taa ya injini kwenye dashibodi ya mkunga. Sikio akasikiliza siku mbili nzima, hakusikia kitu. Ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua gereji bwana mmoja mpole, mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, mtaa mzima ukambatiza Kompyuta. Mkunga akavuka barabara. Dakika kumi tu, kumbe ni sensa, kile kidude cha kupima moshi, iliyokufa kwenye bomba lake. Tangu siku hiyo akabaki hukohuko.

Jamani, nyumba yangu iliingia msiba. Mume wangu aligeuza meza yake ya kazi ili asiione gereji ya Kompyuta, baada ya siku tatu akaigeuza tena ili aione vizuri. Tukiwa mezani gari la mkunga likipita nje, tonge linasimama hewani. "Wamemwekea oili nyepesi. Unasikia linavyogonga?" Mimi nasikia gari. "Leo amekwenda mara ya pili wiki hii," ananiambia, roho inamuuma waziwazi, kama mtu aliyeachwa.

Halafu Kompyuta akaja mwenyewe, kwa adabu zake zote. Nilikuwepo, nilimpelekea mume wangu chakula.

"Shikamoo, kaka. Naomba kukuuliza. Lile gari la mkunga, mkanda wake ulibadilishwa lini? Nimefungua kifuniko, kwa macho unaonekana mzima, lakini gari limefika kilomita 180,000 na sina tarehe."

Sikio hakuinua hata kichwa. "Iulize kompyuta yako."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena sana. Kompyuta akatabasamu kidogo, akaaga, akaondoka.

Nyumbani nikafungua daftari. "Umebakiza kilomita chache tu."

"Kwani mimi ndiye fundi wake?"

"Mwambie basi mkunga mwenyewe."

"Ana fundi wake."

Niseme ukweli. Mkunga nilikutana naye karibu kila wiki. Tulisalimiana, akaniuliza hali ya watoto, nikajibu, nikapita zangu. Mdomo ninao. Lakini nilikuwa nimechoka kuona watu wakivuka barabara kwenda kwa Kompyuta, na moyoni nilitaka jambo moja baya limkute yule bwana, mume wangu arudishiwe heshima yake.

Miezi mitano baadaye mkanda ulikatika asubuhi, mbele ya geti la zahanati. Gari lilivutwa kwa kamba, likapitishwa mlangoni kwa Kompyuta, likaletwa kwetu. Habari ikaenea kwamba Kompyuta ameua injini ya mkunga, na wateja wake wakaanza kurudi mmojammoja. Nilidhani mume wangu atafurahi. Alipofungua silinda hedi, kichwa cha injini, alikuta valvu nane kati ya kumi na sita zimepinda. Alizipanga juu ya gazeti, akakaa akizitazama, chakula chake kikapoa.

Alifanya kazi wiki mbili, huku mkunga akiwafuata wajawazito kwa miguu, begi mkononi. Siku ya kulichukua gari, injini iliwaka mara moja, ikatulia tuli. Mkunga akacheka kwa furaha.

"Unajua yule bwana alitaka kuubadilisha ule mkanda bila hata kujua tarehe? Nikamkatalia katakata. Nikamwambia muda ungekuwa umefika, Sikio angeniambia."

Mume wangu akafunga boneti.

"Mdogo wangu," akanigeukia, "lile daftari lenu nipeni liwe linakaa garini. Hata mkiwa mbali liwepo."

Ningeweza kusema limepotea. Nilimtazama mume wangu, naye akainamia mikono yake yenye grisi. "Mletee," akasema.

Nikalileta. Mkunga alilifungua amesimama palepale, akafunua taratibu, mpaka kidole chake kikafika kwenye wino mwekundu. Akainama kuangalia namba za kilomita kwenye dashibodi. Akarudi kwenye ukurasa. Mwandiko wangu anaujua, amenisainisha kadi za kliniki mara nyingi.

Hakupaza sauti. "Mimba yako ya tatu," aliniambia, "nilipoona presha imepanda, nilikufuata mpaka kwako. Siku ile ulikuwa umeninunia, hunisalimii. Nilikuja hivyohivyo."

Akaliweka daftari kwenye kiti cha pembeni, akavuka barabara na gari lake, akaegesha kwa Kompyuta. Tulimwona anashuka na kumpa yule bwana mikono yote miwili, wakazungumza kwa muda mrefu.

"Ungemwambia," mume wangu alisema.

"Ungemwambia wewe," nikamjibu.