Jamvi la Mpiga Gita

Babangu alikuwa mtu wa meli. Alifanya kazi chini kabisa, kwenye mashine, mahali ambapo, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, mtu huweza kuizunguka dunia nzima bila kuiona. Alirudi kwetu kisiwani Amu mara moja kwa mwaka, pengine mwaka na nusu, na sanduku la mbao lenye vitu ambavyo hata yeye hakujua ni vya nini. Safari moja, miaka ya sitini ikiwa yaelekea mwisho, alituletea mashine ya santuri ya kutia mawe ya tochi, pamoja na sahani nne alizozichagua kwa kutazama picha. Moja ilikuwa mtu akifundisha Kifaransa. Mbili zilikuwa nyimbo za kanisani. Ya nne ilikuwa ya mpiga gita.

Siwezi kueleza vizuri alichonifanyia mtu yule. Amu ilikuwa na muziki wake na mimi nilikulia ndani yake, matari ya maulidi, udi na fidla za harusini. Sauti hizo zote zilikuwa na adabu, na zilijua mimi ni mwana wa nani. Gita la yule bwana halikuniuliza mimi ni mwana wa nani. Lilikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe, kisha likageuka tamu ghafla, na mimi, kijana wa miaka kumi na minane aliyemaliza sekondari Mombasa na kurudi nyumbani kusubiri matokeo, nikahisi kwamba kuna pahali pa kwenda. Tangu siku hizo nimekaa miji mingi na kuihama yote. Sijapata kulaumu gita, lakini sijasahau pia.

Tulikuwa watatu. Mimi, rafiki yangu mwana wa fundi wa kushona, na karani wa posta, kijana wa bara, Mkristo, aliyepangiwa Amu na kuishi miezi miwili bila mtu wa kuzungumza naye mpaka aliposikia gita likitoka nyumbani kwetu, akaja akasimama mlangoni. Yeye ndiye aliyejua habari za muziki wa roki. Alitueleza kwamba huyu wetu ndiye aliyewafundisha wengine wote, hata wale waliompita kwa umaarufu. Baada ya hapo hatukukosa siku. Kila alasiri, watu wakitoka kusali, tuliketi kwenye daka la nyumba yetu, yale mabaraza ya mawe yaliyo mlangoni, na kuipiga sahani ile upande huu na upande wa pili. Majirani walivumilia. Mama hakuvumilia. "Mtu huyu ana maumivu gani?" alikuwa akiuliza kutoka ndani. "Si mumpeleke hospitali."

Mama mwaka huo hakuwa na utani mwingi zaidi ya huo. Baba alikuwa akileta barua kila mwezi, na sasa miezi minne ilikuwa imepita bila barua. Hakulizungumza jambo hilo hata mara moja. Kila barua za Mombasa zilipoingia alinituma posta, na niliporudi hakuniuliza kitu. Alitazama mikono yangu, akaendelea na kazi yake.

Siku moja karani alikuja mapema, bado na viatu vya ofisini, gazeti mkononi. Lilikuwa la siku nne nyuma, lakini kwetu lilikuwa jipya. Alitusomea polepole. Mpiga gita wetu alikuwa amefariki, kwao, ghafla, hata miaka arubaini hajafikisha. Habari yenyewe ilikuwa fupi kuliko tangazo la sabuni lililokuwa chini yake. Nakumbuka kwamba jambo hilo, lile tangazo, ndilo lililoniuma kwanza.

Hatukujua la kufanya. Karani akauliza, "Huku kwenu mtu akifa mnafanyaje?" Mwana wa fundi, aliyesoma chuo cha Kurani kutushinda, alisema hitima haisomwi kwa mtu asiye Mwislamu, hilo halina mjadala. Akafikiri kidogo. "Lakini kukaa si dhambi. Kukaa ni kukaa tu."

Basi tukakaa. Mama alikuwa Shela, kijiji cha jirani, tangu asubuhi, amekwenda kumwangalia dadake aliyejifungua, kwa hivyo hapakuwa na wa kutuzuia. Nikalitoa jamvi kubwa lililokuwa limekunjwa nyuma ya mlango, tukalitandika nje mbele ya daka. Mwana wa fundi akaleta dele la kahawa kutoka kwao, kahawa chungu bila kitu kitamu cha kuandamana nayo. Mashine ya santuri tukaificha chini ya kitanda. Tukavaa kofia, hata karani tukamwazima moja, tukaketi vichwa chini bila kusema neno. Tulikuwa tumekubaliana kukaa siku tatu.

Wa kwanza kupita alikuwa bwana mwenye duka la vitambaa. Alisimama. Akalitazama jamvi, akanitazama mimi, akautazama mlango wa nyumba. Kisha akavua viatu, akaketi, akasema, "Poleni sana. Mungu awape subira. Ndiyo ndia yetu sote." Tukampa kahawa.

Kwetu mtu akiyakuta matanga haulizi ni nani aliyekufa. Kuuliza ni kujionyesha kwamba wewe si mtu wa mji, kwamba mambo ya watu hayakuhusu. Unaketi, na jina linakuja lenyewe katika mazungumzo. Lakini kwenye jamvi letu jina halikuja, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka sawasawa, na tulidhani kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Wakaja wengine. Wakaja wavuvi, wakaja mafundi wa mbao, wakaja wazee wa mtaa wa pili. Kila mmoja alinishika mkono mimi kwanza. Haikupita saa, jamvi likajaa na watu wakaketi mpaka kwenye vizingiti vya jirani. Karani aliinama akaninong'oneza, na macho yake yalikuwa yamelowa, kwamba hakujua kama Amu inampenda mtu huyu kiasi hiki. Mimi pia sikujua. Nakiri kwamba niliona fahari.

Mwishowe akaja mwalimu wetu wa chuoni, yule aliyetufundisha Kurani na kututandika viboko kwa kadiri ile ile. Watu wakampisha, akaketi ubavuni kwangu, akaushika mkono wangu akaushikilia.

"Mamako ana habari?" akauliza.

"La, Maalim. Yuko Shela."

"Maskini. Atalia sana."

"Sidhani, Maalim. Hakumpenda. Kila siku alikuwa akilalamikia kelele zake."

Mkono wa Maalim ulilegea ndani ya wangu. Aliangalia pembeni kuona kama kuna aliyesikia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usinene hivyo. Ni babako."

Nikanyanyua kichwa. Nikawaona wote waliokaa pale kwa mara ya kwanza: rika la baba, waliosoma naye, waliocheza naye, bwana mmoja aliyepata kusafiri naye meli moja. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya gita. Nikasimama, na nikasema nadhani kwa sauti kubwa kupita kiasi kwamba baba hakufa, kwamba aliyekufa ni mpiga gita.

"Mpiga gita wa wapi?" akauliza mwenye duka la vitambaa.

Karani, ambaye bado alikuwa hajaelewa, alilifungua gazeti akaonyesha picha. Lilipita mkono kwa mkono. Kila aliyelipokea alilitazama, akanitazama mimi, akampa wa pili. "Mimi nimefunga duka kwa huyu?" akasema yule bwana, na mtu mmoja nyuma akamjibu afadhali amefunga, maana hata akifungua hauzi. Wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, halafu bila kujizuia, na kicheko kile kilikuwa cha watu walioondolewa mzigo mabegani. Bwana aliyesafiri na baba alicheka huku akijifuta macho kwa kikoi.

Ni Maalim aliyekikata. "Na wanawake?" akauliza. "Nani aliyekwenda kwa mamake?"

Bi jirani, yule wa nyumba iliyotazamana na yetu, alikuwa ameliona jamvi tangu lilipotandikwa. Alivaa buibui lake, akachukua wanawake wawili, wakapanda mashua kwenda Shela. Walikuwa wameondoka zamani. Hakuna aliyecheka tena.

Nilikwenda kwa miguu kwa sababu sikuwa na subira ya kungoja mashua. Maji yalikuwa yamejaa na pwani ya kupita ilikuwa imekwisha, nikakimbia ndani ya maji yaliyonifika magotini, kanzu nimeikusanya mkononi, na nyumba za Shela zikikataa kukaribia. Nilikuwa nikiomba kitu kimoja tu, nimtangulie Bi jirani. Sikumtangulia. Nilipofika kwa mama mdogo, viatu vya wanawake vilikuwa vimejaa mlangoni.

Mama alikuwa ameketi chini. Bi jirani yuko upande mmoja amemshika mkono, na mwanamke mwingine upande wa pili alikuwa akimvua vipuli, kama afanyiwavyo mjane. Cha sikio la kushoto kilikuwa kimekwisha kutoka. Mama hakuwa akilia. Nilipoingia alitazama mikono yangu.

"Mama, baba hakufa," nikasema.

"Jamvi nimeliona kwa mato yangu," akasema Bi jirani.

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, mpiga gita, gazeti, kahawa, na nilipomaliza Bi jirani alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Alianza kuniapiza, kisha akaniacha akaanza kumwomba mama radhi, amsamehe, kwani amemletea msiba usiokuwa wake. Mama hakumtazama. Alikuwa akinitazama mimi.

"Basi imekuja barua?" akauliza.

"La."

"Kuna habari yoyote?"

"Hakuna, Mama."

"Basi hujui kama yuhai."

Mama akauvuta mkono wake polepole kutoka kwa Bi jirani. Akasema kwamba miezi minne amekuwa akingoja mtu aje amshike mkono hivi. Kila mlango ukigongwa alidhani ndiye. Leo amekuja. "Kungoja tena siwezi," akasema. "Nataka kujua."

Yule mwanamke alitaka kumrudishia kipuli chake, mama akakataa. Akakataa pia kuvua cha pili. Alirudi Amu akiwa na kipuli kimoja sikioni na kingine kwenye fundo la leso. Alipofika nyumbani, watu wamekwisha tawanyika na mimi niliyetangulia kufika nimeinama kulikunja jamvi, akaniambia niliache. "Liacheni hapo hapo," akasema. "Tutajua lilikuwa la nani."

Asubuhi karani alikuwa posta kabla ya mlango kufunguliwa. Alipeleka telegramu Mombasa, kwa wakala wa meli aliyeandikwa kwenye karatasi za baba, akaandika maneno yake mwenyewe na kusema ni ya dharura. Halafu tukangoja. Zilikuwa siku za ajabu. Hakuna aliyejua atuambie nini. Watu hawakuweza kutupa pole, wala hawakuweza kutupongeza, lakini walikuja wakaketi kwenye jamvi vilevile, na mwenye duka la vitambaa alileta sinia la wali mwenyewe akisema kwamba kwa vyovyote watu watakula. Mama alipika, alifagia, alisali. Aligeuza kichwa kila nyayo ziliposikika. Sisi watatu hatukuthubutu hata kumtaja mpiga gita. Nilikuwa nimemchukia kidogo, Mungu anisamehe, kana kwamba alikufa makusudi.

Siku ya tatu, bado haijafika adhuhuri, tulimsikia karani kabla hatujamwona, kwa vile viatu vyake vya ofisini vilivyokuwa vikigonga mawe ya ndia. Alikuwa akikimbia. Mama alitoka mpaka dakani bila buibui, ameshika leso kichwani, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya kabla wala baada.

Karani alisoma kwa Kiingereza kwanza, kwa haraka, kisha akasoma tena, kisha kwa Kiswahili. Meli iliharibika mashine, iko bandari ya mbali inatengenezwa, mabaharia wote wako nchi kavu, barua zao zilikwama pamoja na meli. Baba ni mzima na anapeleka salamu.

"Wameandika mzima," mama akauliza, "au unasema wewe?"

"Wameandika, Mama. Neno lenyewe hili hapa."

Aliichukua ile karatasi. Alikuwa akisoma herufi za Kiarabu, za kizungu hakuzijua, lakini alilitazama lile neno mahali kidole cha karani kilipokuwa, kwa muda mrefu, kama anayelikariri umbo lake. Kisha akatuambia tulikunje jamvi. Akasema anajilaza kidogo.

Alilala tangu wakati ule mpaka alasiri ikaadhiniwa na kupita. Sikuwahi kumwona mama akilala mchana. Habari ilikuwa imekwisha enea na watu walikuja makundi makundi kutoa pongezi, na mimi niliwangojea mlangoni nikawageuza mmoja mmoja: amelala, amelala. Walijibu kwa kunong'ona, wakaenda zao wakitabasamu, na Bi jirani aliuacha mkate wa sinia kizingitini akaondoka kwa ncha za vidole. Mwana wa fundi na karani waliketi nami dakani. Ilikuwa ndiyo saa yetu ya santuri, lakini hakuna aliyeigusa mashine.

Maalim naye akapita. Nikamwambia mama amelala, akashukuru Mungu, akaketi nasi. Alichezea fimbo yake, kisha akainama upande wetu.

"Na yule mwenzenu wa gazetini," akauliza polepole, "alikuwa na mama?"

Tulitazamana. Tulimjua yule mtu kila mkwaruzo wa gita lake, tulijua ni wapi atapumua na wapi atacheka katikati ya wimbo, na hilo hatukulijua. Karani akasema gazeti halikuandika. Alitaka kuongeza jambo, lakini ndani mama aligeuka kitandani, kamba zikalia, na sote wanne tukanyamaza ili asiamke.